Andrew Johnson, fundi wa nguo aliyekuwa rais wa Marekani: kosa lake lilikuwa nini?

Fundi wa Nakuru ameuliza:

Hamjambo, ndugu na dada zangu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Binti yangu yuko kidato cha nne. Jioni hukaa kando ya cherehani akinisomea kwa sauti madaftari yake ya Historia na Serikali, huku mimi nikipiga pindo sare za shule. Wiki iliyopita walikuwa wanasoma habari za serikali ya Marekani, na katika kutafuta mambo zaidi akakutana na jina la Andrew Johnson, rais wa 17 wa nchi hiyo, ambaye kabla ya siasa alikuwa fundi wa nguo kama mimi. Nilitoa mguu kwenye pedali, nikamwambia arudie.

Nilifurahi kiasi kwamba nilimwomba aliandike jina hilo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikalibandika ukutani juu ya meza ya kukatia. Siku mbili baadaye akaja mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, kuchukua suruali aliyoileta kupunguzwa kiuno. Alilisoma lile jina taratibu, kisha akaniambia kwamba huyo si mtu wa kubandikwa ukutani na Mwafrika. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba nikasome, akalipa, akaenda zake.

Nimesoma nilichokipata, lakini mambo hayajaungana. Naona kwamba hakuingia darasani hata siku moja, na hata hivyo alifika kwenye kiti cha juu kabisa. Naona pia kwamba Bunge la nchi yake lilimshtaki likitaka kumwondoa madarakani, akaponea kwa kura moja. Mimi nilidhani kwamba mtu aliyetoka chini hujua uchungu wa walio chini. Naomba basi mwenye ujuzi anieleze alifikaje huko juu kutoka kwenye sindano, na kosa lake hasa lilikuwa nini hata mzee anayejiheshimu akashindwa kulivumilia jina lake. Tafadhali msifupishe, kwa kuwa binti yangu atayasoma majibu yenu.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega, amejibu:

Ndugu Fundi, nakusalimu kutoka Kakamega. Nilifundisha Historia kwa miaka thelathini na miwili, na swali lako limenigusa hasa kwa sababu ya huyo binti anayekusomea, maana Johnson mwenyewe alianza hivyo hivyo.

Alizaliwa mjini Raleigh, jimbo la North Carolina, tarehe 29 Desemba 1808, katika familia isiyokuwa na kitu. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na mama yake akabaki akifua na kufuma ili watoto wapate kula. Alipozidiwa, aliwatoa wavulana wake wawili, William na Andrew, wakawe wanagenzi kwa fundi wa nguo aliyeitwa James Selby. Uanagenzi wa siku hizo haukuwa wa kijana kukusanya vitu vyake na kuondoka asiporidhika. Mkataba ulimfunga kwa bwana wake hadi atimize miaka 21. Katika karakana ile kulikuwa na desturi ya watu wa mji kuja kuwasomea mafundi vitabu na hotuba wakati wanashona. Cherehani ilikuwa bado haijafika, kila mshono ulipita mkononi, na wewe unajua kuliko mimi jinsi kazi ya mkono inavyoyaacha masikio wazi. Huko ndiko alikoanza kuzipenda hotuba na kujitahidi kutambua herufi.

Mwezi wa Juni 1824 ndugu hao walitoroka. Selby alitangaza gazetini kwamba atatoa dola 10 kwa yeyote atakayewarudisha, na akaongeza kwamba atazitoa dola hizo hizo hata akiletewa Andrew peke yake. Mimi hulisoma tangazo hilo kama cheti cha ufundi alichopewa mtoto wa miaka 15 bila bwana wake kukusudia.

Mwaka 1826 alivuka milima pamoja na mama yake na baba wa kambo, wakafika Greeneville, mji mdogo wa Tennessee, na huko akafungua duka la ushonaji. Mwaka uliofuata akamwoa Eliza McCardle, binti wa fundi viatu. Bwana harusi alikuwa na miaka 18 na bibi harusi 16. Eliza ndiye aliyemfundisha hesabu na kumnoa katika kuandika. Duka likageuka baraza la vijana waliopenda mjadala, na kutoka hapo ngazi zilifuatana: diwani mwaka 1829, kisha meya, mbunge wa jimbo, mbunge wa taifa kwa miaka kumi kuanzia 1843, gavana wa Tennessee mwaka 1853, na seneta mwaka 1857.

Sasa shika jambo moja, kwa maana bila hilo hutayaelewa yaliyofuata. Tangu 1846 Johnson alikuwa akipigania mswada wa kumpa kila mkuu wa familia asiye na shamba ekari 160 za ardhi ya serikali, bure, mradi aishi humo na kuilima. Wenye mashamba makubwa ya Kusini waliupinga, na Rais James Buchanan aliukataa mwaka 1860. Ulikuja kuwa sheria tarehe 20 Mei 1862 kwa saini ya Abraham Lincoln. Johnson aliwachukia mabwana wale kwa moyo wake wote, kwa jinsi walivyowadharau watu wa kazi za mikono. Lakini kuwachukia mabwana ni jambo moja, na kuuchukia utumwa ni jingine. Yeye mwenyewe alinunua watumwa, wa kwanza wao wakiwa Dolly na Sam, na hakuwaachilia huru mpaka Agosti 1863.

Majimbo ya Kusini yalipojitenga, maseneta wao waliondoka, naye peke yake kati ya maseneta wa majimbo hayo ndiye aliyebaki kitini. Huo ulikuwa ushujaa, na sitamnyima. Lincoln alimteua gavana wa kijeshi wa Tennessee mwezi Machi 1862, na mwaka 1864 akawa mgombea mwenza. Aliapishwa kuwa makamu wa rais tarehe 4 Machi 1865, akiwa ametoka kuugua na amekunywa wiski kupita kiasi, akatoa hotuba iliyowatia haya waliomsikiliza. Siku 42 baadaye Lincoln alifariki kwa risasi, na mwanagenzi wa Selby akawa rais.

Binti wa Njoro amejibu:

Mwalimu, shikamoo, na asante. Naomba nimjibu Fundi swali lake la pili, kwa sababu lina uzito kwangu. Babu yangu aliishi kama skwota katika shamba la mlowezi upande huu wa Njoro. Alilima kipande alichoonyeshwa, akamfanyia mlowezi kazi kwa siku alizohesabiwa, na siku alipoambiwa aondoke, aliondoka na mbuzi na sufuria zake, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwa hiyo niliposoma habari za kisiwa cha Edisto, kule South Carolina, sikuzisoma kama habari za watu wa mbali.

Mwezi wa Januari 1865, vita kati ya serikali ya Marekani na majimbo ya Kusini yaliyojitenga vikielekea ukingoni, Jenerali William Sherman alitoa amri ya kutenga ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na sehemu ya Florida, pamoja na visiwa vyake, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Kila familia ilikuwa ipate kipande kisichozidi ekari 40. Mabwana walikuwa wamekwisha kimbia. Katika muda wa miezi michache tu watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa juu ya ekari zipatazo 400,000, wakilima udongo ule ule walioulima kwa viboko, ila safari hii mavuno yalikuwa yao.

Kisha tarehe 29 Mei 1865 Johnson akatangaza msamaha kwa waasi. Aliyekula kiapo cha utii angerudishiwa mali yake yote isipokuwa watumwa. Matajiri wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 hawakuingizwa kwenye msamaha huo wa jumla, bali walitakiwa wamwombe rais mwenyewe, mmoja mmoja. Wakamwomba, naye akawasamehe kwa maelfu. Mtoto wa mfua nguo aliona wale waliokuwa wakimdharau wamesimama mlangoni pake wakinyenyekea, na mimi naamini hapo ndipo alipolewa, kuliko ile siku ya wiski.

Mkuu wa Idara ya Watu Walioachwa Huru, Jenerali Oliver Howard, alitoa waraka mwezi Julai wa kuzuia ardhi isirudishwe. Johnson aliamuru ufutwe, ukatolewa mwingine mwezi Septemba wa kuirudisha. Halafu akamtuma Howard huyo huyo akawaambie watu. Mwezi wa Oktoba Howard, ambaye alikuwa amepoteza mkono wake wa kulia vitani, alisimama mbele ya watu wa Edisto katika kanisa lililojaa pomoni, akawaeleza kwamba mashamba yanarudi kwa mabwana wa zamani. Makelele ya kukataa yalizidi hata akashindwa kuendelea, mpaka mwanamke mmoja alipoanzisha wimbo wa huzuni na wengine wakaitikia.

Watu wale walichagua kamati ya wanaume watatu, wakaandika barua. Yako maneno ndani yake ambayo siwezi kuyasahau. Walimwambia Howard kwamba ametaka wawasamehe wenye mashamba, na kwamba yeye alipoteza mkono wake vitani na labda anaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na ambaye leo hataki nikae hata katika kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei anayoitaka yeye, mtu huyo siwezi kumsamehe kwa urahisi. Waliomba waruhusiwe angalau kununua. Hawakusikilizwa, na familia nyingi zilirudi kufanya kazi kwa mikataba ya mabwana wale wale au zikafukuzwa.

Ndugu Fundi, mtu aliyepigania ekari 160 za bure kwa maskini kwa miaka kumi na sita ndiye aliyewanyang'anya maskini wengine ekari 40. Maskini aliyekuwa akimwona moyoni mwake alikuwa mzungu. Wala hakuishia hapo. Mabunge ya Kusini yaliyoundwa chini ya mpango wake yalitunga sheria za kuwabana watu weusi. Mississippi, kwa mfano, iliwakataza kukodi mashamba nje ya miji. Bunge la taifa lilipopitisha mswada wa haki za kiraia mwezi Machi 1866 ili kuwakinga, Johnson aliukataa, na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili dhidi ya kauli yake. Mzee aliyekuja kuchukua suruali yake alisema kweli.

Wakili, Kisumu, amejibu:

Nakubaliana na dada wa Njoro kwa kila neno, ila naogopa msomaji asije akadhani kwamba Johnson alishtakiwa kwa ajili ya Edisto. Hakushtakiwa kwa hilo, na jambo hili bado linanikera kila nikisoma kesi yake.

Tarehe 2 Machi 1867 Bunge lilitunga Sheria ya Muda wa Kushika Ofisi, iliyomkataza rais kumfuta kazi ofisa aliyeidhinishwa na Seneti bila ya Seneti kukubali. Nia yake kubwa ilikuwa kumlinda Waziri wa Vita, Edwin Stanton, kwa kuwa wakati huo jeshi ndilo lililosimamia utekelezaji wa sheria za Bunge kule Kusini. Johnson alimfuta Stanton tarehe 21 Februari 1868. Stanton akajifungia ofisini, akakataa kutoka. Siku tatu baadaye Bunge la Wawakilishi lilipiga kura 126 kwa 47 za kumshtaki rais. Mashtaka yalikuwa 11, na mengi yalizunguka kufutwa kwa waziri huyo mmoja. Hakuna hata moja lililotaja ekari ambazo watu wa pwani walinyang'anywa.

Kesi ilisikizwa na Seneti, Jaji Mkuu Salmon Chase akiwa kwenye kiti. Maseneta walikuwa 54, kwa hiyo zilihitajika kura 36 kutimiza theluthi mbili. Mmoja wao, James Grimes wa Iowa, alikuwa amepata kiharusi siku chache kabla, akabebwa hadi ukumbini ili apige kura yake. Tarehe 16 Mei 1868 matokeo yakawa 35 kwa 19, na siku kumi baadaye hesabu ikarudi ile ile. Maseneta saba wa chama cha Republican, Grimes akiwamo, walipiga kura ya kumwachilia. Wapo waliohofia kwamba ofisi ya rais ingekuwa mtumwa wa Bunge. Wengine hawakumtaka Benjamin Wade, kiongozi wa Seneti, ambaye angerithi kiti kwa sababu makamu wa rais hakuwepo. Katiba yao ya wakati huo haikuwa na njia ya kujaza nafasi hiyo. Mawakili wa Johnson nao walifanya kazi nzuri kisheria. Walisema kwamba Stanton aliteuliwa na Lincoln, hivyo sheria ile haikumlinda chini ya rais mwingine. Ukiniuliza kama mwanasheria, hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba sheria ya namna ile ilikuwa kinyume cha katiba.

Kwa faida ya binti wa kidato cha nne, alinganishe na Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 145 inadai theluthi mbili katika Bunge la Taifa na theluthi mbili tena katika Seneti kabla ya rais kuondolewa, ilhali kwao Bunge la Wawakilishi linahitaji wingi wa kawaida tu ili kushtaki. Sisi wenyewe tuliiona njia hiyo ikitumika dhidi ya Naibu wa Rais mwezi Oktoba 2024, na wengi tuliofuatilia kikao cha Seneti usiku ule tulijifunza kwamba mashtaka huandikwa kwa lugha ya sheria, lakini anayeyapima ni mwanasiasa. Ndivyo ilivyokuwa 1868. Johnson aliponea kosa ambalo pengine halikuwa kosa, na lile lililowaumiza watu 40,000 halikufikishwa mbele ya baraza lolote.

Fundi wa Nakuru ameandika:

Mwalimu, dada wa Njoro, na wewe wakili, Mungu awabariki. Binti amenisomea yote mara mbili, na ile barua ya watu wa Edisto alishindwa kuimaliza mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika suti ya harusi ya watu, nikaiweka chini.

Ile karatasi nimeitoa ukutani. Sikuichana, nimemwachia binti aiweke ndani ya daftari lake pamoja na maelezo yenu. Mzee wangu nitamwambia akija kwamba nimesoma. Limebaki jambo moja dogo la kifundi: baada ya kuondoka madarakani, je, Johnson aliwahi kurudi kwenye sindano?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega, amejibu:

Hakurudi, Ndugu Fundi. Alirudi Greeneville mwaka 1869 baada ya kukataa kuhudhuria kuapishwa kwa Ulysses Grant, akashindwa uchaguzi zaidi ya mara moja, na hatimaye bunge la Tennessee likampeleka tena Seneti mwaka 1875. Ndiye rais pekee wa zamani wa Marekani aliyewahi kuketi katika Seneti baada ya urais, na alikula kiapo katika baraza lile lile lililomhukumu. Hakukaa sana. Alifariki tarehe 31 Julai mwaka huo nyumbani kwa binti yake, na Eliza akamfuata mwezi Januari. Alizikwa juu ya kilima huko Greeneville, mwili wake ukiwa umefungwa katika bendera ya nchi, na nakala ya Katiba ikiwa imewekwa chini ya kichwa chake, kwa maana hadi mwisho aliamini kwamba aliitetea. Lile duka lake dogo la mbao bado liko, na limejengewa jengo la matofali juu yake ili mvua isilifikie.

Binti akitaka kuendelea, asome Marekebisho ya 14 ya katiba hiyo. Yaliidhinishwa mwezi Julai 1868, miezi miwili tu baada ya kesi, na Johnson aliyapinga kadiri alivyoweza. Yanasema kwamba aliyezaliwa katika nchi ile na kuwa chini ya sheria zake ni raia wake. Watoto waliozaliwa Edisto, katika vibanda vya mashamba waliyonyang'anywa wazazi wao, waliingia humo.